Safari Rally: gari jepesi la magurudumu ya nyuma mbele ya foo wili zenye tabo

Kuanzia 1971 hadi 1986, kila gari lililoshinda Safari Rally lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Rekodi hiyo inashangaza kwa sababu miaka ya mwisho ya kipindi hicho ndiyo miaka ambayo magari ya foo wili yenye tabo yalitawala mashindano ya Ulaya. Afrika Mashariki iliyachelewesha, na sababu zake ni za njia, za hali ya hewa na za kanuni za mchezo wenyewe.

Mashindano hayo yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika.  Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo udongo mwekundu unaweza kuwa vumbi asubuhi na tope jioni. Barabara hazikufungwa: dereva alikutana na malori, mabasi na mifugo njiani. Umbali ulifikia kilomita 5,000 hivi, na mshindi alikuwa yule aliyefika vituoni akiwa na dakika chache za adhabu kuliko wengine wote. Gari lenye kasi kubwa lililosimama saa nzima likitengenezwa lilipitwa na gari la wastani lisilosimama.

Kanuni hiyo ililipendelea gari jepesi na sahili. Gari linapoongeza mwendo, uzito wake huegemea nyuma na kuyakandamiza magurudumu yanayolisukuma, hivyo hata bila foo wili lina mshiko wa kutosha katika barabara ndefu zilizonyooka. Udhaifu wake huonekana kwenye tope na kwenye kona zenye changarawe, ambako nguvu ikizidi magurudumu huzunguka bure. Ndiyo maana mafundi waliongeza nguvu kwa hatua, wakipima kila mara kama matairi mawili yataweza kuibeba.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukuza injini. Datsun 240Z ya Edgar Herrmann, iliyoshinda 1971, ilikuwa na silinda 6 na ujazo wa lita 2.4. Gari la aina hiyo hiyo lilimpa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ushindi wake wa kwanza 1973. Hatua ya pili ilikuwa kuifanya injini ndogo ipumue vizuri zaidi. Ford Escort RS1600 ya Hannu Mikkola, iliyoshinda 1972, ilikuwa na vali 4 kwa kila silinda, na Mikkola na mwelekezi wake Gunnar Palm wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuchukua ushindi.

Hata hivyo, uzito mdogo na uimara viliweza kufidia upungufu wa nguvu. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo la lita 1.6, akimwacha nafasi ya pili Björn Waldegård aliyeendesha Porsche 911. Mwaka 1976 Singh alishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. Kisha ikaja zamu ya Datsun Violet. Mehta alishinda nayo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na ushindi wake wa jumla ukafika 5. Violet haikuwa gari lenye nguvu kubwa kuliko yote. Ilikuwa gari ambalo mafundi walilijua kila nati.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa inabadilika. Audi ilizindua Quattro 1980, gari la foo wili lenye injini ya silinda 5 na tabo. Tabo hutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na magurudumu manne huigawana nguvu hiyo ili isipotee kwa kuteleza. Mwaka 1982 Audi ilitwaa ubingwa wa watengenezaji, ingawa ubingwa wa madereva ulichukuliwa na Walter Röhrl aliyetumia Opel Ascona 400 ya magurudumu ya nyuma. Mwaka uliofuata Lancia 037, nayo ya magurudumu ya nyuma, iliipokonya Audi taji la watengenezaji. Tangu hapo hakuna gari la aina hiyo lililorudia jambo hilo.

Katika Safari ya 1983, Ari Vatanen alishinda kwa Ascona 400, yenye injini ya lita 2.4, vali 16 na isiyo na tabo. Quattro za Mikkola na Michèle Mouton zilimaliza nafasi ya pili na ya tatu. Foo wili ya wakati huo ilibeba uzito wa ziada: difu ya mbele, shafti za ziada na viungo vyake, vyote vikiwa vitu vinavyoweza kuvunjika katika siku kadhaa za mashimo na mawe. Tabo nayo iliongeza joto mahali ambapo jua na mwendo wa pole kwenye matope tayari viliichosha injini.

Lakini tabo ilikuwa na faida moja kubwa katika nchi hizi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na njia za Bonde la Ufa hupanda zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya hewa inayokosekana. Aliyeitumia faida hiyo bila kubeba mzigo wa foo wili alikuwa Ove Andersson, mshindi wa 1975 kwa Peugeot 504, ambaye baadaye aliongoza Toyota Team Europe kutoka Cologne, Ujerumani.

Timu yake ilitengeneza Celica Twin Cam Turbo. Injini ilikuwa na silinda 4, ujazo wa lita 2.1 na nguvu za farasi zaidi ya 300, na nguvu hiyo yote ilikwenda kwenye ekseli moja ngumu ya nyuma. Kwenye kona za Ulaya zinazoteleza gari hilo lilikuwa nyuma ya wapinzani wake. Afrika, ambako mbio zilikuwa ndefu na nafasi ya kunyoosha gari ilikuwa kubwa, ilikuwa nyumbani kwake. Waldegård alishinda 1984, Juha Kankkunen 1985, na Waldegård tena 1986. Peugeot 205 Turbo 16, foo wili iliyokuwa bingwa wa dunia 1985 na 1986, haikupata ushindi wa Safari hata mara moja. Lancia nayo mwaka 1986 iliiacha Delta S4 yake mpya ya foo wili na kurudi Kenya na 037 ya zamani, ambayo Markku Alén aliimaliza katika nafasi ya tatu.

Mwaka huo huo vifo vya watazamaji nchini Ureno, kisha vya Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto kisiwani Corsica, vilisababisha kupigwa marufuku kwa magari makali ya Kundi B. Kuanzia 1987 ubingwa wa dunia uligombewa kwa magari ya Kundi A, ambayo kiwanda kilipaswa kuyatengeneza angalau 5,000 kwa mwaka. Sharti hilo ndilo lililoigeuza hali. Nguvu ilipungua, na foo wili ikawa mfumo wa gari la kuuzwa dukani, uliokwisha kujaribiwa na maelfu ya wateja. Mikkola alishinda 1987 kwa Audi 200 Quattro, gari kubwa na zito la abiria, Röhrl akiwa wa pili kwa gari kama hilo. Toyota Supra ya magurudumu ya nyuma ilikuja ya tatu.

Magari ya nyuma hayakutoweka mara moja. Mwaka 1988 Nissan 200SX, zenye injini ya V6 ya lita 3.0 bila tabo, zilichukua nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Lancia Delta Integrale ya Miki Biasion. Hata Toyota ilikubali mabadiliko: Waldegård alishinda 1990 kwa Celica GT-Four, yenye tabo na foo wili pamoja. Tangu 1987 foo wili haijapoteza ushindi wa Safari katika ubingwa wa dunia, na mashindano yaliporejea kwenye kalenda hiyo 2021, mshindi Sébastien Ogier aliendesha Toyota Yaris ya foo wili yenye tabo.

Magari ya zamani yalipata uwanja wao 2003, yalipoanzishwa mashindano ya East African Safari Classic, yanayoendeshwa kwa magari ya zama zile yasiyo na foo wili wala tabo. Escort, Datsun 240Z na Porsche 911 zikarudi barabarani. Mwaka 2011 Waldegård aliyashinda mashindano hayo kwa Porsche 911, gari ambalo katika Safari ya awali halikuwahi kupata ushindi.