Kiungo kilichokaribia kuinyamazisha Huygens

Desemba 2025 setilaiti ya MAVEN ilipita nyuma ya Mirihi na mawasiliano yake na Dunia yakakatika. Ilipelekwa kuchunguza angahewa ya sayari hiyo, lakini ndiyo pia iliyokuwa ikipitisha data za Curiosity na Perseverance, magari ya utafiti yaliyoko ardhini. Kazi hii ya pili imezoeleka kufanywa nyongeza, na hilo ni kosa la siku nyingi. Ushahidi wake mzito uko Zohali. Chombo cha anga Cassini kiliondoka kwenda huko Oktoba 1997 kikiwa kimebeba Huygens, chombo cha Ulaya cha kutua mwezini Titani, na kila kitakachopimwa huko kilitakiwa kipitie kwa Cassini. Jaribio kamili la kiungo hicho lilipendekezwa kabla ya safari, likakataliwa kwa sababu lingelazimu baadhi ya mitambo ifunguliwe. Februari 2000, mhandisi Boris Smeds alikwenda kwenye kituo cha mawasiliano ya anga cha Goldstone, California, akairushia Cassini mawimbi yaliyoiga sauti ya Huygens, pamoja na mabadiliko yanayoletwa na mwendo; kipengele hicho alilazimika kukipigania. Wimbi lenyewe lilinaswa vizuri, ila data zilizomo zikatoka zimevurugika. Vyombo vikikaribiana kwa zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde, masafa ya wimbi hupanda, na data nazo huwasili kwa kasi zaidi. Waliotengeneza kipokezi walizingatia la kwanza wakaliacha la pili, na programu yake haikuweza kurekebishwa kutoka Duniani. Ikabidi njia ya Cassini ibadilishwe, ipite umbali wa kilomita 60,000 hivi kutoka Titani badala ya 1,200, ili kasi ya kukaribiana ipungue.

Atakayesema kwamba mwisho ulikuwa mwema ana haki: Januari 14, 2005 Huygens ilitua na picha zikaja. Lakini siku hiyohiyo moja ya njia zake mbili za mawasiliano ilikuwa bubu, kwa sababu amri ya kuwasha kipokezi chake haikuwekwa kwenye maagizo ya Cassini. Picha zipatazo 350, nusu ya zilizotarajiwa, zikapotea. Vipimo vya upepo vilivyotegemea njia hiyo viliokolewa na darubini za redio za Duniani.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi, kwamba setilaiti ya mawasiliano matupu hula fedha za utafiti. Kwa shinikizo la bajeti, Julai 2005 NASA ilifuta setilaiti maalumu ya mawasiliano ya Mirihi iliyopangwa kurushwa 2009. Lakini magari ya Mirihi ya Spirit na Opportunity yalikuwa tayari yakituma sehemu kubwa ya data zao kupitia setilaiti ya Odyssey. Bila mpitishaji, utafiti wenyewe ungebaki kwenye vumbi la Mirihi. China ilipotaka kutua upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani, ilitanguliza setilaiti ya mawasiliano ya Queqiao Mei 2018, chombo cha kutua cha Chang'e 4 kikafuata Desemba. Marekani ilitenga dola milioni 700 kwa setilaiti ya namna hiyo ya Mirihi mwaka 2025, miaka 20 baada ya kuifuta ya kwanza. Miongoni mwa zinazobeba mzigo huo kwa sasa ni Odyssey, iliyorushwa 2001, ambayo mafuta yake yanaelekea ukingoni.