Kioo cha Ng'ambo, Ngozi ya Mbulu

Historia ya Mbulu na Hanang husimuliwa kana kwamba nyanda hizi zilijifungia juu ya Bonde la Ufa: Wairaqw na mashamba yao ya Mama Isara, Wadatoga na ng'ombe wao kuuzunguka Mlima Hanang. Sketi ya ngozi ya msichana wa Kiiraqw inaikataa simulizi hiyo.

Wasichana waliokuwa ndani ya marmo, unyago wa Wairaqw, walishona sketi hizo katika kipindi cha kutawa. Ngozi ilikunwa na kulainishwa, kisha shanga nyeupe, nyekundu na bluu zikapangwa kwa subira mpaka zikafanya miduara na mistari ya mapindapinda. Mbulu hapakuwa na tanuri la kioo. Kila punje ilitoka ng'ambo.

Katika karne ya 19 shanga hizo zilitoka hasa Venice na Bohemia. Mafundi wa Venice walivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu, mwembamba, wenye tundu. Wakaukata vipande vidogo na kuvizungusha kwenye joto ili kingo zisikate uzi. Wa Bohemia walikuwa pia na koleo lenye kalibu, wakabana humo kioo kikiwa bado laini. Meli zikashusha mzigo Zanzibar, wapagazi wakaupandisha bara. Kondoa-Irangi, kusini-mashariki mwa Hanang, kilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Richard Burton, aliyepita bara kati ya 1857 na 1859, alikuta aina za shanga zikihesabiwa kwa mamia, na kila nchi ikiwa na rangi yake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa alipata hasara. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa: wanawake wa bara ndio walioamua Venice iyeyushe nini.

Na kioo kilianza safari ya kuja huku zamani zaidi. Katika karne ya 1 BK, chini ya dola ya Rumi, mafundi wa Sidon na miji jirani walipuliza kioo ndani ya kalibu za udongo, chombo kikatoka na nakshi zake tayari. Mmoja wao, Ennion, alitia jina lake ndani ya kalibu yenyewe. Karne hiyohiyo, mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus ulitaja vito vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa pwani ya Azania, iliyoishia Rapta. Mwaka 1999 mwanaakiolojia wetu Felix Chami alichapisha habari za shanga kutoka eneo la Rufiji, alizozitambua kuwa za Kirumi.

Marmo ilipigwa marufuku enzi za Waingereza. Sketi nyingi zimeishia kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, majina ya walioshona yakiwa hayajulikani. Kama bibi yako kule Kainam au Dongobesh bado ameitunza moja, usikubali mnunuzi aichukue. Muulize ilishonwa na nani na kila mduara una maana gani, uandike majibu yake akiwa hai.