Kagua Maji na Oili Kabla ya Kupanda Bara

Likizo ikikaribia, magari mengi ya Mombasa ambayo mwaka mzima safari zake huishia Nyali na Likoni hupakiwa watoto na mizigo, yakaelekezwa Nairobi. Hiyo ni njia ya takriban kilomita 480, na gari huanza usawa wa bahari likamalizia kwenye kimo cha kama mita 1,700. Upungufu ambao mjini hukuuona, utauona huko njiani, tena usiku, mbali na fundi wako.

Mimi hukagua langu asubuhi ya Ijumaa, kabla sijawasha injini, kwa sababu usiku kucha oili imeshuka yote chini. Gari liwe pahali tambarare. Vuta kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha ukivute tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua ongeza kidogo kidogo, wala usivuke alama ya juu, kwani oili iliyozidi hupigwa na krankshafti ikatoa povu. Weusi peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi, na gari hilo halifai hata safari ya Kilifi.

Kwenye rejeta ndipo sisi watu wa pwani tunapojiponza. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na bado utamwona mtu akichota ndoo na kumimina. Chumvi ile hula chuma na aluminiamu, na ukoko wake huziba vijia vyembamba vya rejeta. Tia kulanti, iliyochanganywa tayari au nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Wapo madereva wanaoshikilia kwamba kulanti ni ya nchi za baridi. Sikubaliani nao hata kidogo: huzuia kutu, na huchelewesha maji kuchemka, mambo ambayo joto letu linayahitaji. Angalia tangi dogo la pembeni, kiwango kiwe kati ya MIN na MAX. Kama kila wiki kinashuka, pana mahali panapovuja. Tafuta pale, usiongeze tu. Na kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto. Maji yale yamebanwa kwa shinikizo na yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, lakini ukilegeza kifuniko tu, yatakurukia usoni. Kulanti pia ni sumu yenye utamu, kwa hivyo usiache chombo wazi karibu na watoto au paka.

Oili ya breki ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo ninayoiogopa. Hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ni nyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingia maji inaweza kushuka hadi kama 140. Ukirudi na gari lililojaa, ukateremka Mazeras mguu ukiwa juu ya breki, oili hiyo huchemka, hutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka 2, kwa namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kiwango kikishuka, ama breki padi zimeisha au kuna kuvuja. Usitie oili ya injini humo hata kwa dharura. Hufurisha mipira ya breki.

Giaboksi ya otomatiki yenye kijiti, kwa Toyota nyingi, hupimwa ikiwa moto, injini inanguruma, gia iko P. Zenye CVT zina oili yake maalumu. Fundi akikuambia ATF ni ile ile, tafuta fundi mwingine.

Usiku wa kuamkia safari, tandika kadibodi chini ya injini. Doa jeusi ni oili ya injini, jekundu aghalabu ni la giaboksi au stiaringi, la kijani au waridi ni kulanti. Maji meupe yasiyo na harufu wala utelezi ni ya AC, na kwa unyevu wa Mombasa huwa mengi. Hayo yaache yadondoke.