Kabla ya Kuuliza, Keti Kwanza

Wahenga walituachia methali isemayo mficha uchi hazai. Maana yake sote twaijua: mwenye shida na aiseme, asiposema hatasaidiwa. Ni methali ya kweli. Lakini inamwelekea mwenye shida peke yake. Haimwambii neno lolote yule aliyeketi upande wa pili wa meza, mwenye kalamu na daftari. Wiki hii nataka tumzungumzie huyo wa pili, na somo langu nalichukua Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016 nilifika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, miezi michache baada ya kambi hiyo kufunguliwa upya kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015. Nilikuwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari na kinasa sauti begani. Nikamkuta mama mmoja kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni. Nikamsogezea kipaza sauti, nikamwuliza ni mambo gani yaliyompata njiani. Akanitazama, akasema, "Hakuna." Nikamwendea mwingine. Naye akasema hakuna. Jioni nikamlalamikia mama mmoja mtu mzima, Mrundi, aliyekuwa akifanya kazi ya ushauri kambini, kwamba wanawake hawa hawataki kusema. Akacheka kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "umewauliza mbele ya majirani zao. Ulitaka wamjibu nani, wewe au majirani?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilipoisoma historia ya mahali pale niligundua kuwa kosa langu lilikuwa kuukuu. Wengine walikwisha kulifanya zamani, na wengine walikwisha kulisahihisha.

Kigoma imepokea watu wengi. Warundi walikuja mwaka 1972, na wengi wao wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kujitegemea. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka tena. Safari hii walikaa kambini. Kibondo ikawa na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Mkugwa; Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta watu wa Kivu, wakafunguliwa Nyarugusu.

Kazi ya kwanza ya wahudumu ilikuwa kuhesabu. Vichwa vingapi, mahema mangapi, kilo ngapi za mahindi na maharage, watoto wangapi wamechanjwa. Tusiibeze kazi hiyo, kwa maana iliokoa maisha. Lakini yapo mambo yasiyohesabika kwenye foleni. Mwanamke aliyeshambuliwa alipokwenda kutafuta kuni nje ya kambi alipewa mgao wake kama wenzake, akarudi hemani, akanyamaza. Kwenye daftari hakuonekana.

Mwaka 1996 shirika la IRC lilianza kazi ya namna nyingine huko Kibondo, katika kambi ya Kanembwa. Watumishi wake hawakufungua meza na kumwita mmoja mmoja kuulizwa, "Je, umebakwa?" Walianza na mikutano ya wanawake, wakaketi nao, wakazungumza kwa jumla juu ya maisha ya kambini na hatari zake. Aliyekuwa na lake la peke yake alipewa nafasi ya kulisema faraghani, kwa hiari yake. Matokeo yalitolewa mwaka 1997, nayo yaliwashtua wengi: katika wanawake wa Kanembwa wenye umri wa miaka 12 hadi 49, karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono tangu awe mkimbizi.

Hebu tulitafakari hilo. Wanawake hao hawakuingia kambini siku ya utafiti. Walikuwapo. Walikuwa wakipimwa, wakiandikwa na kupangwa foleni. Kilichobadilika ni namna ya kuwaendea. Vikafuata vituo vya ushauri katika kambi za Kibondo, na waliofundishwa kufanya kazi humo wengine walikuwa wanawake wakimbizi wenyewe.

Hapo lugha ilikuwa na kazi kubwa. Kiha cha Kibondo na Kasulu ni ndugu wa Kirundi. Muha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani. Lakini mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam au Ulaya alimhitaji mkalimani, na mara nyingi mkalimani ni mwanamume, pengine jirani wa mume wa mwenye shida. Kila neno linapita kinywani mwake kabla ya kufika. Je, dada yako angesema nini mbele ya mtu huyo? Angesema kichwa kinauma.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba vitabu vya fani hii vingi vimeandikwa ng'ambo. Mwaka 1957 padre mmoja wa Chicago, Felix Biestek, alichapisha kitabu kilichotaja misingi saba ya uhusiano kati ya mhudumu na anayehudumiwa. Mwone kila mtu kuwa yeye, wala si fungu. Mwache aseme yaliyo moyoni. Guswa na habari yake, lakini usizame nayo. Mpokee alivyo. Usimhukumu. Mwachie uamuzi wake. Tunza siri yake. Sisi wenyewe tulianzisha kwa sheria ya mwaka 1973 chuo chetu cha ustawi wa jamii jijini Dar es Salaam, ili wataalamu wa kazi hii wafundishwe hapa nyumbani. Lakini nani kati yetu hakuwa na bibi au shangazi aliyeijua hiyo misingi saba bila kufundishwa darasani? Ulimwendea unalia, akakupa kazi ya kuchambua mboga, akanyamaza, mpaka ukasema mwenyewe.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kilicho cha asili kinatosha. Warundi wanao wazee wao wa usuluhishi, abashingantahe, wanaoheshimika tangu enzi za wafalme. Mkigombania mpaka wa shamba au ng'ombe, wazee hao watawasikiliza hadharani, na hadhara ndiyo nguvu ya hukumu yao. Lakini shauri la mke anayepigwa, au la binti aliyebakwa, likipelekwa hadharani, anayeaibika ni yeye aliyeumizwa. Mara nyingi suluhu ya kambini ilikuwa faini, au kumrudisha mke kwa mumewe, na amani ikahesabiwa kuwa imepatikana. Amani ya nani?

Aidha, kusikiliza peke yake nako hakutoshi. Katika kambi hizo kadi ya chakula kwa kawaida iliandikwa kwa jina la mume. Mke aliyepigwa akikimbia, kadi ilibaki na aliyempiga. Shirika la Human Rights Watch, lililotembelea kambi za Kigoma mwaka 1998 na 1999 na kutoa ripoti yake mwaka 2000, lililiandika hilo. Mshauri aliyemsikiliza mama huyo kwa upole saa nzima, akamtunzia siri, kisha akamwacha arudi bila kadi, alimfariji tu. Ilibidi usikivu ule uende mpaka kwenye ofisi ya mgao, na mpaka mahakamani pia, maana Bunge letu lilikwisha kupitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Sheria ikiwepo na shahidi akaogopa kusema, hukumu itatoka wapi?

Nimeyaleta haya ya Kigoma kwenu wasikilizaji wa mijini kwa sababu. Leo tunayo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na tunao maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Hayo ni maendeleo na tuyapongeze. Lakini nimewahi kuingia katika ofisi moja ambayo siitaji, nikakuta meza tatu katika chumba kimoja, mlango wazi, watu wamejaa kwenye benchi, na afisa anamwuliza binti kwa sauti ya kusikika, "Haya, sema, alikufanya nini?" Binti akatazama sakafu. Afisa akaandika kwenye faili kwamba mlalamikaji hatoi ushirikiano.

Nilikumbuka foleni ya maji ya Nduta, nikaona haya. Afisa yule na mimi tulikuwa na kosa moja.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Inahitaji chumba chenye mlango unaofungwa. Inahitaji mwanamke wa kumsikiliza mwanamke anayetaka hivyo, anayeijua lugha yake. Inahitaji kiti kinachowekwa pembeni badala ya ng'ambo ya meza, na salamu ndefu kidogo kabla ya swali la kwanza. Zaidi ya yote inahitaji afisa anayeweza kuvumilia kimya cha dakika tano bila kutazama saa.

Methali yetu basi ibaki kama ilivyo: mficha uchi hazai. Lakini na mkunga naye akumbushwe wajibu wake. Hajapata kutokea mkunga mwema aliyemzalisha mama sokoni.