Ayub Ogada na Wimbo wa Mvua

Mtu aliyekaa Mfangano ajua jinsi mvua ya Ziwa Victoria ijavyo. Kwanza upepo hugeuka, kisha maji huwa meusi kwa mbali, ndipo wavuvi wakaharakisha mitumbwi yao ufukoni. Katika majabali ya Mawanga kisiwani humo imo michoro ya kale ya miviringo, myekundu na myeupe, ambayo wazee waliihusisha na kuomba mvua. Mtu wa huko hahitaji mkalimani kwa wimbo uitwao "Kothbiro", maneno ya Kijaluo yenye maana ya "mvua inakuja". Wimbo huo wataka ng'ombe warudishwe nyumbani kabla mvua haijanyesha. Jambo dogo la kila siku, nalo lilisikika katika nyumba za sinema za dunia.

Aliyeufikisha huko ni Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Marekani pamoja na wazazi wake, ambao nao walikuwa wanamuziki. Aliporudi Kenya alipiga muziki katika African Heritage Band, na mwaka 1985 alionekana katika filamu ya Out of Africa. Mwaka uliofuata akaenda London, akawa akipiga nyatiti katika vituo vya gari la moshi la chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia senti. Huko ndiko alikosikiwa na watu wa tamasha la WOMAD. Na mwaka 1993 ikatoka sahani yake, En Mana Kuoyo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubao wa chombo, na njuga hulia mguuni. Basi mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Wenye filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 2005, walikuwa na mtungaji wao hodari, Alberto Iglesias wa Hispania. Hata hivyo waliuchukua "Kothbiro" pia.

Lakini je, wimbo ni wa nani? Twapaswa kusema kweli hapa. Kundi la Black Savage lilikuwa limekwisha kuurekodi katika miaka ya 1970. Kanye West wa Marekani alipotwaa kipande chake mwaka 2018 kwa wimbo wake "Yikes", miongoni mwa watungaji waliandikwa James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Kwa maoni yangu, kumsifu Ogada peke yake ni kumnyima mwenzake haki. Sauti na nyatiti, hizo hapana shaka zilikuwa zake.

Alirejea nyumbani, akakaa Nyahera karibu na Kisumu, akafariki huko Februari 2019.