Petard: manowari iliyosindikiza askari wetu 1944

Dadaab ninakoishi, bahari iko mbali. Hata hivyo, vita vya bahari vimepita karibu nasi. Februari 1941 majeshi ya Mwingereza yalitoka upande wa Garissa, yakavuka mpaka kwenda kuuteka mji wa Kismayu, huku manowari Hawkins ikiwa miongoni mwa zilizowafungia Waitaliano njia ya bahari. Mji uliangukia mikononi mwao tarehe 14. Miaka mitatu baadaye, Hawkins hiyo hiyo ilisindikiza msafara uliong'oa nanga Kilindini. Msafara huo ndio ninaotaka tuukumbuke.

Uliitwa KR 8: meli tano zilizobeba askari kwenda Ceylon, leo Sri Lanka. Khedive Ismail pekee ilikuwa na watu 1,511, wakiwemo askari zaidi ya 900 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Manowari mbili, Petard na Paladin, ziliungana nao njiani.

Mchana wa Februari 12, 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi.

Nyambizi ilijificha chini, pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Mabaharia wa Petard na Paladin wakabaki na mambo mawili, yote machungu: kuiacha, meli nyingine nne ziwe hatarini, au kutupa mabomu majini, na kuwaua waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Waliyatupa. I-27 ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga, ikapasuka ubavu. Hatimaye Petard iliizamisha kwa kombora lake la saba.

Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni 214.

Petard inasifiwa kwa kushiriki kuzamisha nyambizi za Wajerumani, Waitaliano na Wajapani. Ni haki yake. Lakini askari wetu waliozama siku ile hawatajwi sana Pwani, ilhali waliondokea bandarini kwetu. Majina yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Ikiwa nyumbani kwenu mnasimulia babu aliyepanda meli Kilindini mwaka ule asirudi, nendeni mkamtafute hapo.