Kijiti cha Oili na Pikipiki za Eldoret

Vijana wa steji hudhani kupima oili kulikuja pamoja na pikipiki. Hapa Eldoret haikuwa hivyo. Pikipiki za kwanza nilizozishika, nikiwa bado kijana wa kuosha spea, zilikuwa Yamaha za tu-stroki za maafisa wa kilimo na mifugo waliozunguka Moiben na Ziwa. Oili ilikaa kwenye tangi dogo la pembeni, ikaingia injini pamoja na petroli, ikaungua na kutoka moshi wa buluu. Ikipungua unamimina, umemaliza. Oili ya gia ilikuwa yake peke yake huko chini, na bwana mifugo hakuikumbuka mpaka gia zianze kulia. Kwa hiyo sisi wa rika langu tulijifunza kuongeza kabla ya kujifunza kupima.

Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Mji ulikuwa ndio kwanza unatoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, kazi hakuna, na ghafla Huruma, Langas na Munyaka kukawa na steji kila kona. Pikipiki zilikuwa za Kichina. Majina kwenye tangi yalitofautiana, lakini nyingi ukizifungua unakuta injini ile ile, nakala ya Honda CG125.

Asili ya injini hiyo hunichekesha. Katika miaka ya 1970 Honda walituma wahandisi wakatazame jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea. Wakakuta mizigo imezidi, vumbi limejaa, na oili haibadilishwi. Wakaiacha kamshafti ya juu, wakaishusha chini karibu na oili, valvu zikasukumwa kwa fito. Yaani waliitengenezea mtu asiyepima oili! Naisifu kazi yao, ila kwetu ilidekeza watu. Kijana alienda Turbo na kurudi na magunia ya mahindi nyuma, oili imebaki ya kulamba, na injini haikumlalamikia.

Halafu zikaja Boxer na TVS kutoka India, zikautwaa mji. Kamshafti ya Boxer iko juu kichwani, na oili ikipungua huko ndiko kunakokauka kwanza. Waendeshaji wakazipanda kwa mazoea ya CG. Nikaanza kuletewa vichwa vilivyolika, kamshafti ina makovu, na mwenyewe anaapa kwamba oili alimwaga juzi tu. Labda alimwaga kweli. Kati ya kumwaga na kumwaga hakuwahi kutazama.

Hata anayetazama, wengi hutazama vibaya. Huiegemeza kwa stendi ya pembeni, ikalala kushoto. Kijiti cha CG kiko kulia. Oili hukimbilia kushoto na kijiti huonyesha imepungua. Anaongeza, inazidi, inatokea kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye boksi la filta, kisha ananiletea moshi nimtibu.

Mimi huisimamisha kwa stendi kubwa, mahali palipo sawa. Huiwasha dakika chache, hasa asubuhi za Julai ambapo baridi ya Eldoret huifanya oili iwe nzito, kisha huizima nikasubiri ishuke. Nachomoa kijiti, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha bila kukikaza nyuzi, nakichomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Zenye kioo pembeni, unachuchumaa tu na kusoma, mradi kioo hakijazibwa na matope mekundu. Oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha klachi na gia, kwa hiyo nainusa pia: ikinuka kuungua, naikagua klachi.

Kupima sitozi. Wenzangu husema najinyima, lakini anayepimiwa hurudi kwangu kununua oili, na ile chafu nawapa wenye mashamba wanaopaka nguzo za ua kuzuia mchwa.

Sasa kuna pikipiki za betri, hazina oili ya injini kabisa. Vijana huniuliza nitakula nini. Nawaambia bado zina breki, na mashimo ya Langas hayajahama.